Usiku Ule Hatukumsikia



Ndugu zetu wasomaji, jarida hili hutufikia huku Butula, katika kaunti ya Busia, likiwa limechelewa wiki moja au mbili. Hupakiwa katika basi la usiku kutoka Mombasa, limekunjwa ndani ya leso pamoja na achari ya embe na bizari ya pilau, na likifika husomwa hadi kurasa zake zikalegea. Sisi tunaoandika ni wanawake watatu tulioolewa na ndugu watatu katika boma moja. Mmoja wetu ni mzaliwa wa Mombasa, wa pili ametoka Mumias, na wa tatu ni Mmarachi wa papa hapa, aliyesilimu kabla ya kuolewa. Mtu wa pwani akistaajabu kusikia adhana katikati ya mashamba ya miwa, na akumbuke kwamba dini hii ilifika nyanda hizi katika karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara waliotoka huko kwenu, ikapata makao Mumias katika himaya ya Nabongo. Kwa hivyo sisi si wageni wenu. Ni jamaa tuliokaa mbali.

Tumekuwa wasomaji wa kimya kwa miaka mingi. Leo tumeamua kuandika kwa sababu ya moto, na kwa sababu ya mama mkwe wetu, ambaye watoto humwita kukhu, yaani bibi. Yeye mwenyewe ametupa idhini ya kusimulia.

Boma letu lina nyumba tatu za matofali zilizoezekwa kwa mabati, zimekaa kama nusu duara. Nyumba ya mama mkwe ni ya udongo, nayo pia ina mabati, na imejitenga juu kidogo kwenye kilima, mwendo wa hatua 50 hivi kutoka mlango ulio karibu. Jiko lake lilikuwa banda la nyasi lililoegemea ukuta wa nyumba hiyo. Ndani yake mlikuwa na mafiga matatu, na juu ya mafiga uchaga wa kukaushia kuni, kama ilivyo desturi ya huku. Mbuzi wawili walilala humo humo kwa kuogopa wezi.

Ulikuwa usiku wa mwezi wa Aprili, masika yamekolea. Mvua ya Busia inapopiga mabati, mume na mke waliolala kitanda kimoja hawasikilizani. Makaa yaliyofunikwa kwa majivu yalipumua tena, ulimi wa moto ukapanda hadi kwenye uchaga, na kuni zilizokuwa zimekauka vizuri zikafanya kazi yake. Nyasi za nje zilikuwa zimelowa, kwa hiyo moto haukuonekana kwa mbali. Ulikula kwa ndani, na moshi ukapenya juu ya ukuta hadi chumbani alimolala mama mkwe pamoja na wajukuu wawili. Wengi hudhani kwamba moshi humwamsha mtu. Sivyo. Pua ya aliyelala nayo imelala, na hewa yenye sumu inayotoka katika moto hafifu haina hata harufu; humzidishia mtu usingizi mpaka usingizi wenyewe usiwe na asubuhi. Kilichomwamsha mama mkwe ni vilio vya mbuzi. Mbuzi wale wawili walioteketea ndio waliokuwa king'ora chake.

Aliwatoa watoto mmoja mmoja, akiusukuma mlango uliokwisha kupata moto kwa mikono yake. Kisha akasimama mvuani, akapiga ukemi. Akapiga tena na tena. Sisi tulikuwa hatua 50 kutoka pale, tumejifunika shuka, na hakuna hata mmoja wetu aliyemsikia. Alimbeba mdogo na kumkokota mkubwa hadi mlangoni petu, akaugonga kwa kiwiko kwa kuwa viganja havikuwa tena na ngozi. Mtoto mdogo alilazwa siku nne kwa ajili ya moshi alioumeza, akapona, Alhamdulillahi. Mkono wa kulia wa mama mkwe haufungi tena ngumi mpaka leo.

Hakutulaumu. Alisema maneno machache tu, asubuhi ile, huku akitazama majivu: kwamba alituita mpaka sauti ikamkauka, na hatukuja. Maneno hayo tuliyabeba kama mtu abebaye jiwe kifuani.

Kijana wa mkubwa wetu anasomea umeme katika chuo cha ufundi. Aliporudi likizo akatukuta tunazungumza kununua kengele kubwa. Alitusikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mama zangu, kengele haitashinda mvua. Sauti inapotoka kwa kukhu ikaja kwenu, mvua imeshaizima njiani. Inatakiwa habari isafiri kimya, na kelele ipigwe ndani ya nyumba ya kila mmoja wenu." Hayo ndiyo yaliyokuwa chanzo cha mtandao wetu: visanduku vidogo visivyo na waya kati yao, vyenye kuhisi moshi au joto, vyenye kupashana habari kwa mawimbi ya redio, ili kimoja kikiona moto vyote vilie.

Tulidhani ni ndoto ya mwanafunzi, mpaka alipotueleza kwamba wengine walitangulia. Huko Cape Town, Afrika Kusini, usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2013, moto uliteketeza mamia ya vibanda katika mtaa mmoja wa Khayelitsha na kuwaacha maelfu bila makao. Baada ya msiba huo, watu wa Chuo Kikuu cha Cape Town walibuni chombo wakakiita Lumkani, neno la Kixhosa lenye maana ya kujihadhari. Chombo hicho hakihisi moshi, kwa sababu katika vibanda ambamo watu hupikia mafuta ya taa na kuni, moshi ni wa kila siku. Huhisi joto linavyopanda kwa kasi. Kikilia, mwenye nyumba ana muda wa sekunde 20 kukizima ikiwa ni sufuria tu iliyoungua. Asipokizima, vyombo vyote vilivyo ndani ya mita 60 hulia pamoja, na mtaa mzima huamka. Chama cha Msalaba Mwekundu kilisaidia kuvijaribu hata hapa kwetu Kenya, katika vitongoji vya Mukuru jijini Nairobi. Basi hatukuwa tunaota, tulikuwa tumechelewa.

Sasa tuwaeleze jinsi tulivyokosea, kwa maana makosa yetu yaweza kuwafaa zaidi ya mafanikio yetu.

Kosa la kwanza lilikuwa la kijana. Alinunua kihisio cha bei nafuu ambacho wanafunzi wengi hukitumia, chenye kunusa gesi na moshi. Kumbe ndani yake mna kijiko kidogo cha kupashia moto, ambacho lazima kiwe na joto saa zote ili kinuse. Kilinyonya betri kama ndama, na kabla ya siku kwisha betri ilikuwa imekufa. Chombo cha usalama kinachokufa kabla ya mwenyewe kulala ni udanganyifu, na heri kukosa kuliko kudanganyika.

Kosa la pili lilikuwa letu sote. Tulinunua vitambua moshi vya dukani, vile vya mviringo vyeupe, tukakitundika kimoja jikoni. Vyombo hivyo ni vizuri sana mahali pake. Ndani yake mna chemba yenye giza na mwale mdogo wa nuru. Moshi ukiingia, nuru hutawanyika, nacho hulia. Lakini kwa jiko la kuni, kila uji ni moto na kila ugali ni msiba. Siku ya kwanza kililia mara sita. Siku ya pili mmoja wetu alikifunga kwa mfuko wa nailoni. Siku ya tatu tulikitoa betri. Ndipo tulipofahamu kwamba kitambua moshi huuawa na kelele zake mwenyewe zisizo na maana. Mtu huchoka, hukinyamazisha, kisha husahau kwamba amekinyamazisha.

Tukapanga upya. Vyumbani, ambako watu hulala na moshi hauna kazi, tuliweka vitambua moshi vya dukani vilivyokwisha kupimwa na wanaojua. Kijana hakujaribu kutengeneza vyake; alisema roho za watu si mahali pa kujifunzia. Yeye aliviunganishia tu kisanduku cha redio. Jikoni tukaweka vihisi joto. Hapo tena tukapambana na mabati. Vyombo vya joto vya kawaida hulia kikifika kiwango fulani, mathalani nyuzi 57. Lakini saa nane za mchana wa Januari, kipimajoto tulichokifunga chini ya bati kilipita nyuzi 50 bila moto wowote. Kwa hiyo kijana alivipangia kanuni mbili: visitazame kiwango cha joto pekee, vitazame na mwendo wake. Jua hupandisha joto polepole tangu asubuhi, moto huruka. Joto likipanda kwa nyuzi 8 ndani ya dakika moja, huyo si jua.

Kuhusu redio, tuliyojifunza ni haya. Visanduku vyetu hutumia mawimbi ya megahezi 433, yale yale yanayotumiwa na rimoti za magari, na nguvu yake ni ndogo mno. Antena ni kipande cha waya cha sentimita 17, robo ya urefu wa wimbi lenyewe. Mawimbi haya hupita katika ukuta wa udongo na wa matofali kwa taabu kidogo, lakini bati hawalipiti, hugonga yakarudi. Kisanduku kilichowekwa juu kabisa chini ya paa kilikuwa kama mtu aliyefunikwa sufuria. Tulipokishusha kihisio kikabaki juu na redio ikasogezwa karibu na dirisha, kilisikika vizuri. Na kwa kuwa kisanduku cha mwisho hakifikiwi moja kwa moja na cha kwanza, kila kinachosikia habari huitangaza tena kwa jirani yake. Mmoja wetu alisema ni kama adhana: msikiti mmoja ukianza, wa pili hupokea, mpaka mji mzima umesikia. Ili visirudie bila mwisho, kila habari ina nambari yake, na kisanduku kilichokwisha kuitangaza nambari hiyo hunyamaza. Tena kila ujumbe una alama ya boma letu, ili rimoti ya gari linalopita barabara ya Bumala isituamshe usiku.

Jambo la mwisho katika mpango huo ndilo tuliloliona dogo, kumbe ndilo kubwa. Kila baada ya saa sita, kila kisanduku hutuma salamu: nipo, betri yangu yatosha. Katika nyumba ya mkubwa wetu kuna ubao wenye taa ndogo ndogo, moja kwa kila kisanduku. Salamu ikikosekana, taa huzimika. Kijana alisema mlinzi anayesinzia haliiti jina lake mwenyewe. Ni lazima mwingine amwulize.

Gharama hazikuwa za kutisha. Kila kisanduku cha jikoni kilitugharimu kiasi cha kuku wawili wa kienyeji. Tuliahirisha ununuzi wa sahani mpya za Idi, na zamu moja ya chama ikaenda huko. Waume zetu wakachangia nyaya na misumari, na kwa fadhila yao hawakutuuliza ni lini wanawake walikuwa mafundi.

Mama mkwe hakupendezwa. Alisema kinachosikia moshi kitasikia na maneno ya watu, na kwamba ajali ni kadari, haikingwi kwa betri. Sisi wakaza wana hatuna ulimi wa kumjibu mkwe. Tulimwendea mwalimu wa madrasa, mzee wa makamo yake, akaja akaketi naye chini ya mwembe. Alimkumbusha kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza watu kulala na moto unaowaka majumbani mwao, kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku pamoja na wenyewe, naye alipopewa habari akasema kwamba moto ni adui wa watu na wauzime wanapolala, na kwamba aliwatahadharisha hata na panya, ambaye huweza kuuburuta utambi wa taa akawaunguza wenye nyumba. Mwalimu akasema, "Dada yangu, ikiwa Mtume alimfikiria panya, sisi tutakosaje kulifikiria kaa la moto?" Mama mkwe akacheka kidogo, akakubali kisanduku kiwekwe.

Majirani wawili wakaomba nao kuingia. Mmoja wao huuza petroli kwa chupa kwa vijana wa boda boda, biashara iliyoenea mno huku mpakani, na chupa zile alikuwa akizihifadhi mvunguni mwa kitanda cha watoto. Tulizungumza na mkewe wala hatukumkabili yeye, kwa kumhifadhia heshima yake. Tulimwambia kwamba kisanduku tutampa, lakini hakuna kisanduku kiwezacho kuikimbia petroli. Ikiwaka, muda wa kulia haupo. Baada ya juma moja tuliona kibanda kidogo cha mabati kimesimama mbali na nyumba, chini ya mti, na chupa zote zimo humo. Huenda hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote, nayo haikuwa na waya wala redio.

Tulikuwa pia na suala la sitara, na wasomaji wetu wanawake watalifahamu. King'ora kikilia saa nane za usiku, majirani wanaume wataingia uani, nasi tumo katika nguo za kulalia. Tulikubaliana kwamba uhai hutangulia, mtu atoke alivyo. Lakini nyuma ya kila mlango tumetundika shela au leso, mahali pale pale pa ufunguo, mkono mmoja uchukue vyote viwili. Na ufunguo wenyewe hautoki pale. Wasomaji wa pwani hawajasahau Bombolulu mwaka 1998, ambako mabinti 26 walikufa bwenini. Mwaka 2001 wavulana 67 waliteketea Kyanguli, Machakos, nyuma ya madirisha ya vyuma na mlango uliofungwa. Septemba 2024 watoto 21 walikufa katika bweni la Hillside Endarasha, Nyeri. Yote hayo yalitokea usiku, watoto wakiwa wamelala. King'ora kinachomwamsha mtu nyuma ya mlango asioweza kuufungua humwamsha ashuhudie tu.

Basi visanduku tisa vikawa vimetundikwa, na ubao ukang'aa taa tisa. Juma la tatu, mama mkwe alifukiza ubani chumbani mwake baada ya Isha. Kitambua moshi kikalia, sekunde zikapita kabla ya yeye kukiona kibonyezo cha kunyamazisha, na nyumba zote zikalipuka kwa kelele. Tulikimbia. Majirani walikimbia na ndoo. Tulimkuta ameshika chetezo, amesimama katikati ya chumba, macho yamemtoka. Watoto wakacheka. Mtu mmoja, hatutasema nani, alinung'unika juu ya usingizi wake. Tulirudi kulala tukifurahi kwamba mtandao unafanya kazi.

Baada ya siku mbili taa moja ubaoni ikazimika. Ilikuwa yake. Tulipanda kilimani tukiwa watatu, tukamkuta amekaa kwenye mkeka anasikiliza redio yake ndogo, na katika redio hiyo mna betri mbili tulizozifahamu. Hakujificha wala hakuomba radhi. Alituangalia mmoja baada ya mwingine, akasema kwa Kimarachi, taratibu, "Siku niliyowaita, hamkuja. Sasa siwaiti, mnakuja."

Hatukuwa na la kujibu. Miezi yote ile tulikuwa tumemletea dawa, uji, nguo mpya, na kisanduku; hatukuwa tumeketi mbele yake na kusema kwamba tunajua alituita. Tuliogopa kulitaja, kana kwamba likitajwa litakuwa kweli. Tuliketi chini. Wa Mombasa alianza, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akilala karibu zaidi na kilima usiku ule. Alisema, "Mama, tusamehe. Uliita, nasi hatukusikia." Tulilia wote, naye akatufuta machozi kwa mkono ule usiofungika. Betri alizirudisha mwenyewe. Redio yake tuliinunulia nyingine.

Hadithi ingeishia hapo, lakini kulikuwa na jaribio moja lililobaki. Kijana alitaka kujua kama watoto wataamka. Usiku mmoja, bila kuwaambia, akaviwasha visanduku vyote. Sauti yake ni kali, desibeli 85 kwa umbali wa mita 3, na sisi watu wazima tuliruka vitandani. Binti yetu wa miaka saba hakufumbua jicho. Aligeukia ukutani, akavuta shuka, akaendelea kulala chini ya king'ora kinacholia. Tulisimama pale kando ya kitanda tukamtazama, na damu ikatuganda.

Tulijua baadaye kwamba si yeye peke yake. Usingizi wa mtoto ni mzito kuliko wa mtu mzima, na mlio mwembamba wa king'ora humpita. Watafiti wa hospitali ya watoto ya jiji la Columbus, Marekani, walilichunguza jambo hilo, na mwaka 2018 wakatangaza kwamba sauti ya mama iliyorekodiwa, ikimwita mtoto na kumwambia la kufanya, humwamsha kwa takriban mara tatu zaidi ya mlio ule wa kawaida. Sisi kina mama hatukuhitaji chuo kikuu kutwambia hivyo, lakini tulifarijika kuona limepimwa.

Kijana akaongeza katika visanduku vya vyumba vya watoto chombo kidogo cha kuchezea sauti, kama vile vilivyo katika vidude vya watoto. Mlio hulia kwanza, kisha sauti ya mtu, kisha mlio tena. Ikabaki kuchagua sauti ya nani. Kila mmoja wetu alimtazama mwenziwe, na jibu likaja bila mtu kulitamka. Wote hao, walio wetu na wasio wetu, wamelelewa mgongoni mwa mtu mmoja.

Tulimpelekea simu ya kurekodia. Alikataa mara ya kwanza, akasema sauti yake imezeeka, na tangu usiku ule haikurudi kama ilivyokuwa. Kisha akaomba kila mtu atoke nje ya chumba. Tulimsikia kupitia mlangoni akikohoa, akijaribu, akinyamaza. Halafu akaita. Aliwaita watoto kwa majina yao, mmoja mmoja, akawaambia waamke, wainame chini ya moshi, watoke nje, wakutane chini ya mwembe. Hakuwa anaigiza. Ilikuwa ni sauti ile ile aliyoipiga mvuani, na kwa mara ya kwanza sisi tukaisikia.

Usiku wa jaribio la pili, binti yetu aliketi kitandani kabla jina lake halijaisha kutamkwa.

Ndugu zetu, hatuwaambii kwamba kisanduku huzima moto. Hakizimi. Huwapa watu dakika chache, na dakika hizo ni za kutumiwa na watu waliojiandaa. Nchini Marekani, ambako vyombo hivi vimeenea majumbani kwa miongo mingi, hatari ya kufa kwa moto katika nyumba yenye kitambua moshi kinachofanya kazi imeonekana kuwa chini ya nusu ya ile ya nyumba isiyo nacho. Na uzito wa habari hiyo umo katika neno "kinachofanya kazi". Kwa hiyo fanyeni lililo katika uwezo wenu. Kuni zisikaushwe juu ya mafiga. Kibatari kizimwe kabla ya kulala. Mtungi wa gesi ufungwe kwenye kichwa chake. Njia ya kutokea ijulikane na mtoto aliye mdogo kuliko wote, na mahali pa kukutana pawe pamoja. Wenye kuishi Mji wa Kale au Lamu, ambako nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, na wenye mapaa ya makuti, wafahamu kwamba moto wa jirani ni moto wao. Basi na kengele ya jirani iwe kengele yao. Gari la zimamoto likitoka Busia mjini kuja kwetu, barabara ikiwa kavu, lina mwendo wa nusu saa au zaidi. Jirani ana mwendo wa pumzi mbili.

Betri tumezipangia siku: hubadilishwa mwezi wa Ramadhani unapoandama, tunapotazama ghala na kuhesabu tende. Na kila Ijumaa, baada ya sala, mama mkwe hukibonyeza kisanduku cha majaribio. Ni kazi yake, hakuna mwingine anayeruhusiwa. Mlio hulia, kisha sauti yake hutoka katika nyumba zote kwa pamoja, na watoto hukimbilia mwembeni wakishindana. Yeye husimama juu ya kilima na kutuhesabu, watoto na sisi, mpaka atimize idadi.

Ijumaa iliyopita mvua ilinyesha kweli kweli, mabati yakavuma. Tulidhani ataahirisha. Akabonyeza vile vile. Tulitoka sote, tumejifunika leso na magunia, tukasimama chini ya mwembe tukilowa. Alituhesabu mara mbili kupitia mvua, kisha akaingia ndani akafunga mlango.

Tuombeeni dua, nasi twawaombea. Wabillahi tawfiq.